Jumamosi za Mji Uliokufa

Niseme mapema nisimpotezee mtu muda: sikuupenda mchezo ule, sikuipenda ile klabu, na mzee wa Kiaustralia aliyeianzisha sikumpenda hata siku aliyoniletea chupa ya asali ya kwao. Watu wa kanisani kwetu Guangzhou, China, walikuwa wakiniambia, dada, punguza hasira, ni mpira tu. Mpira tu! Mumeo akuache na marobota ya nguo sokoni Liuhua kila Jumamosi, wewe na kamba na gundi yako ya kufungia, halafu arudi jioni anachechemea na kucheka, tuone kama utauita mpira tu.

Mimi na mume wangu ni watu wa Kahama. Tulikwenda Guangzhou kununua nguo za watoto kwa ajili ya duka letu, tukaona faida iko kwa wanaonunua kwa niaba ya wengine, tukabaki. Asubuhi tuko Liuhua kwenye masoko ya jumla, tunabishana na laoban, ndivyo tunavyomwita kila mwenye duka kule, ambaye atakujibu meiyou, hakuna, kabla hujamaliza kuuliza. Mchana tunafunga mizigo. Kontena likijaa, mmoja wetu anakwenda Nansha bandarini kuhakikisha limepakiwa kama ilivyoandikwa. Ndiyo maisha. Watoto wetu wawili tuliwaacha Kahama kwa mama yangu, tukasema mwaka mmoja, tukasema miwili, baadaye tukaacha kusema. Yule mdogo alikuwa anamwita bibi yake mama. Mimi alinipa jina langu: mama wa simu.

Nilitaka kurudi nyumbani. Hicho ndicho nilichokitaka na sikukificha. Kiwanja tulikuwa nacho, duka lilikuwa na msingi na kuta, lilibaki paa na sisi wenyewe. Mume wangu naye alikuwa akisema anataka kurudi. Kila mtu akimuuliza alisema hivyo, kwa sauti ya huruma kabisa, mpaka wenzetu walikuwa wakimpa pole.

Yule mzee alimpata mume wangu Pazhou, kwenye maonyesho makubwa ya biashara. Mzee alikuwa anauza majani makavu ya ng'ombe kutoka kwao, wafugaji wa China wananunua, na mume wangu alikuwa anapita akitafuta mashine ya kutia vifungo. Sijui mzee aliona nini. Nadhani aliona mabega. Waaustralia wa Guangzhou walikuwa wanapungua, kila msimu mmoja anahamishwa na kampuni yake, timu ya mzee ilibaki na watu wachache wenye vitambi. Akamwuliza mume wangu kama anaweza kuruka. Mtu mzima, baba wa watoto wawili, anaulizwa kama anaweza kuruka, naye anafurahi.

Alirudi Jumamosi ya kwanza magoti yamechubuka na uso kama wa bwana harusi. Nikamwuliza umefanya nini. Akaanza kunieleza huo mchezo, mpira wa kwao Australia, na kila alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuchukia. Mpira wenyewe mrefu kama papai. Unaupiga teke, unaudaka, unaupiga ngumi, ukitaka kuudaka unapanda mgongoni mwa mwenzako na refa anakutazama tu. Goli halina nyavu wala mwamba wa juu. Ni nguzo nne zimesimama mstari mmoja, mbili ndefu katikati, fupi pembeni. Ukipitisha katikati ya zile ndefu ni goli, pointi sita. Ukikosa ukapitisha pembeni, unapewa pointi moja. Yaani umekosa na bado unapewa kitu. Nikamwambia mchezo huo umetungwa na watu ambao hawajawahi kufanya biashara.

Uwanja waliukodi kwenye kisiwa cha vyuo vikuu. Ulikuwa uwanja wa soka wa kawaida, ila mzee alikuja na mabomba meupe ya plastiki, yale ya mafundi wa maji, akayasimika pande zote mbili kuwa nguzo. Mume wangu aliwavuta wanafunzi wa Kiafrika wanaosoma kule kwa udhamini, Watanzania, Wakenya, Mkongo mmoja mrefu, Waislamu kwa Wakristo, wote wamekulia soka. Mzee akawapa jezi. Jezi zenyewe hazina mikono, nzito, za rangi ya maji ya bahari na mstari wa njano, nyingine zimetiwa viraka kifuani. Hazikutengenezwa China. Zilikuwa za mji wake.

Hapo ndipo panaponitia kisirani mpaka leo. Mchezo ulikuwa unaisha, watu wamepigwa kichapo, wamelowa jasho la Guangzhou lile lisilokauka, na badala ya kutawanyika kwenda makwao wanaketi chini kwenye majani kumsikiliza mzee anasimulia historia ya klabu. Kila Jumamosi. Ilikuwa ndiyo desturi ya kwao, alisema, kwamba mgeni akivaa jezi lazima aambiwe nani walioivaa kabla yake. Na wageni walikuwa hawaishi, hivyo historia ilikuwa inaanza upya kila wiki, na mimi, niliyekuwa nimemfuata mume wangu kwa ajili ya funguo za stoo, nimeisikia hadi naweza kuisimulia vizuri kuliko ya ukoo wangu.

Mji wao ulikuwa wa ngano, bara kabisa, mbali na kila kitu. Klabu ilianzishwa na wakulima na watu wa reli, walikuwa wanagombana baa kila Jumamosi, mchungaji akawaambia kama lazima mpigane basi pigeni mpira. Uwanja ulikuwa malisho ya kondoo. Asubuhi ya mechi wachezaji walikuwa wanaokota kinyesi cha kondoo kwa koleo kabla hawajavaa jezi. Kombe walichukua mara moja tu, nahodha alikuwa mwokaji mikate, na siku ya pili yake mji mzima haukuwa na mkate kwa sababu mwokaji alikuwa amelala kwenye kitoroli nje ya kituo cha polisi. Wanawake walijenga jengo la klabu kwa kuuza chai na keki. Nilitega sikio hapo nisikie wanawake walipewa nini. Walipewa jiko la kuendelea kupikia chai.

Kulikuwa na mji jirani. Kuuchukia mji jirani ilikuwa sehemu ya uanachama. Msichana wao mmoja aliolewa huko, shangazi zake hawakwenda harusini. Kisha zikaja trekta kubwa, moja ikafanya kazi ya vijana wengi, vijana wakaondoka. Reli ikafungwa. Benki ikafungwa. Shule ikafungwa. Timu ikawa inaita akina baba kuziba nafasi, halafu akina babu. Mwisho wakaambiwa waungane na mji jirani, maana nao walikuwa wamebaki wachache vilevile. Wakabishania rangi ya jezi mpaka msimu ukaanza hawajapatana. Baba yake mzee alijiuzulu kuliko kuvaa nyekundu ya wale. Waliungana hivyo hivyo kwa nongwa, wakacheza misimu michache, wakafa pamoja. Mzee ndiye aliyeingia kwenye jengo la klabu, akazikuta jezi kwenye gunia zinanuka panya, akazibeba mpaka Guangzhou.

Akifika hapo sauti inakatika. Na mume wangu anafuta macho. Mume wangu huyu, ambaye hakudondosha hata chozi siku tuliyomkabidhi mama yangu mtoto anayenyonya pale uwanja wa ndege, alimlilia mwokaji mikate wa Australia.

Siku moja nikamwuliza mzee, kwa Kiingereza changu cha sokoni, kama anaupenda mji wake hivyo kwa nini harudi. Pasipoti ni yake, hakuna anayemwomba viza ya kuingia kwao. Akacheka, akasema akirudi atacheza na nani. Nikamwambia mimi kwetu kuna watu. Akatikisa kichwa kwa upole, kama daktari anayekusikiliza huku anaandika dawa nyingine. Sikumsamehe upole ule.

Nilimwambia mume wangu wazi kwamba mpira na nyumbani achague kimoja. Hakuchagua. Alinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akaniambia mke wangu nisubiri tumalize msimu. Msimu ukaisha ukaanza mwingine. Wakapigwa tena na timu ya mji wa Shenzhen, maana Shenzhen ndio walikuwa wapinzani wao wa kila siku, timu yenye vijana wa Kiaustralia wanaojua wanachokifanya, na hii timu yetu haikuwahi kuwafunga hata kwa bahati mbaya. Baada ya kichapo hicho, watu wameketi, nikamfuata mume wangu pale pale kwenye majani nikamwuliza mbele ya wote tunarudi lini. Wanafunzi wakaanza kucheka. Naye, ili asionekane anatawaliwa na mkewe, akasimama akainua mkono kama anakula kiapo cha mahakamani, akasema siku tutakayowafunga Shenzhen, siku hiyohiyo navua viatu na wiki hiyohiyo narudi Kahama na mke wangu. Wakapiga makofi. Mzee naye akapiga, baada ya kutafsiriwa.

"Sema tena," nikamwambia.

Akasema tena. Mwanamume wa kwetu akisema jambo mara mbili mbele za watu, limekuwa neno lake. Nilimpa mkono, akaushika.

Tangu hapo, Mungu anisamehe, nikawa shabiki. Nilifunga na kuomba kwa ajili ya klabu nisiyoipenda. Kwenye kikundi cha maombi nilisema nina mlango nataka ufunguke, akina mama wakaniombea bila kujua wanaombea jezi zisizo na mikono. Nilikuwa nawapikia wanafunzi wali na maharage Ijumaa ili wasije na njaa. Nilimkemea yule Mkongo aache sigara. Mume wangu akadhani nimeanza kuupenda mchezo, akawa ananieleza mbinu kitandani.

Na ndivyo nilivyopewa bendera. Nyuma ya kila goli husimama refa wa goli, na kazi yake ni moja tu: kusema kama mpira umeingia. Goli, unapeperusha bendera mbili. Pointi moja, unapeperusha moja. Aliyekuwa akisimama kwetu alihamishiwa Singapore, na mzee akazunguka uwanja mzima, akapita watu wake wote, akaja kwangu. Mtu mmoja akapinga, huyu mume wake anacheza. Mzee akasema kwao bendera walimpa mkaguzi wa mizani ya ngano, ambaye mji mzima ulikuwa unamchukia na yeye anauchukia, na hakuna aliyewahi kubisha uamuzi wake. Akanigeukia. "Mama, wewe hutupendi," akasema. "Kwa hiyo nakuamini."

Nilichukua kwa sababu nilitaka kuwa karibu na goli siku mlango ukifunguka. Wakanivisha koti jeupe refu, ndiyo sare ya kazi hiyo, nikawa kama muuza nyama buchani. Mzee akanifundisha sheria mwenyewe. Nyingi zilikuwa nyepesi. Moja ndiyo iliyonikalia kooni: mpira ukigusa nguzo, hata kidogo tu, si goli. Hata kama umepita ndani. Bendera moja.

Hii ndiyo wanafunzi wetu hawakuikubali kamwe. Sisi tumekulia soka. Mpira ukigonga nguzo ukaingia ni goli, tena ndilo goli tamu, unalisimulia mwaka mzima. Kila ilipotokea nikapeperusha moja, nilitukanwa kwa Kiswahili cha Pwani, kwa Sheng na kwa Kifaransa. Mkongo alinifuata mpaka nyuma ya nguzo akiniuliza nimelipwa nini. Nilimwambia arudi acheze, sheria sikuitunga mimi, na ningeitunga mimi mchezo wenyewe usingekuwepo.

Jumamosi ninayoikumbuka, Shenzhen walikuja pungufu. Wakubwa wao walikuwa wamekwenda likizo, wakaazima watu wawili kutoka baa. Hewa ilikuwa nzito, mawingu yamekaa juu ya majengo ya chuo hayanyeshi wala hayaondoki. Tangu mwanzo niliona leo kuna kitu. Vijana wetu walikimbia. Mume wangu aliruka na kudaka mipira ambayo sikujua kama anaweza, na mimi nyuma ya goli nilikuwa najiambia tulia, tulia, usije ukaangusha bendera. Kipindi cha mwisho tukawa nyuma kwa pointi mbili. Mbili! Nilianza kupanga sanduku kichwani. Nitaacha masufuria. Nitachukua mashine ya kushona.

Sekunde za mwisho mpira ukapanda juu, watu wakarundikana, na aliyeshuka nao mikononi alikuwa mume wangu, mbele kabisa ya goli langu. King'ora kikalia. Katika mchezo ule, ukidaka kabla ya king'ora unapewa teke lako hata kama muda umekwisha, wote wanasimama wanakutazama. Akipitisha katikati, tumeshinda. Akipitisha pembeni, tumepoteza kama kawaida.

Alirudi nyuma akashika mpira. Kisha akainua macho akanitazama mimi, si goli. Nilimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kutazamana bila mizigo katikati yetu. Nikasema moyoni, baba watoto, tupeleke nyumbani.

Akapiga. Mpira ulikuja vizuri, ukizunguka, nikajua unaingia, nikajisogeza chini yake kama nilivyofundishwa, shingo juu. Na juu ya kichwa changu ukaligusa bomba refu la kulia. Taratibu tu. Ulisikika mlio mdogo, bomba likatikisika, mpira ukaangukia ndani nyuma yangu.

Uwanja ulikuwa tayari umelipuka. Wanafunzi walikuwa wanakimbia, wamevua jezi. Hata wale walioliona bomba likitikisika walikuwa wanashangilia, kwao limeingia, basi. Vijana wa Shenzhen walikuwa wamegeuka, wameinamisha vichwa, mmoja amekwisha kaa chini. Mzee alikuwa upande wa pili wa uwanja mikono kichwani, analia. Hakuna aliyebaki ila mimi na bomba lile, ambalo lilikuwa bado linacheza kidogo.

Bendera mbili zilikuwa mkononi mwangu. Ningeziinua zote, nani angenihoji? Ningekuwa Kahama wiki ile. Nilimwona mwanangu mdogo akiniita mama, si mama wa simu. Sitamdanganya mtu kwamba nilikuwa mtakatifu. Nilichowaza ni kwamba nitaishi na huyu mwanamume dukani, chini ya paa hilo, na siku tutakayogombana, maana tutagombana, nitajua kwamba hakuja kwa neno lake, nilimvuta kwa uongo wangu. Nilimtaka aje mwenyewe. Nilikuwa na hasira nyingi mno hata nisiweze kuiba.

Nikainua moja.

Sitarudia niliyoambiwa. Mwanafunzi niliyekuwa nampikia maharage alitema mate karibu na viatu vyangu. Dada mmoja wa kanisani aliyekuja kutazama alinigeuzia mgongo akaenda zake. Mkongo alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka, nguzo imeguswa, kwani nguzo ni nini, si ni goli! Vijana wa Shenzhen wakaanza kuinuka polepole, wakanitazama kama mtu aliyewarudishia pochi, na hilo liliniudhi kuliko matusi. Mzee alikuja mpaka kwangu, akaliangalia bomba, akaniangalia mimi. Nikamwambia limeguswa. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Nilimchukia, lakini sikuweza kusema ni mwongo.

Nilibaki namngoja mume wangu. Nilijiandaa kwa lolote. Nilijua amepoteza, na kwa mkono wa mkewe, mbele za watu. Nilikuwa nimepanga nitakachomwambia: tutawafunga msimu huu huu, baba watoto, nitakaa hapa nyuma mpaka tuwafunge, usivunjike moyo.

Akaja anatembea pole pole. Alipofika akanikumbatia. Mume wangu hanikumbatii hadharani, hata harusini alinishika mkono tu. Mwili wake ulikuwa umelegea, mabega yameshuka, anapumua kama mtu aliyetoka ofisi ya viza na muhuri wake. Akaniinamia sikioni.

"Ahsante, mama watoto," akasema. "Sikuwa tayari kurudi."

Kwanza nilidhani anatania. Nikamsukuma nimtazame usoni. Hakuwa anatania. Alikuwa anatabasamu, macho yamelowa, ananishukuru kwa dhati kabisa, na nyuma yake watu walikuwa wanaanza kuketi kwenye majani kumzunguka mzee, kwa sababu Jumamosi hiyo kulikuwa na mgeni amevaa jezi kwa mara ya kwanza. Nikaona kila kitu. Miaka yote ya kusema anataka kurudi, kwa sauti ile ya huruma. Alikuwa anapenda kuisema Kahama kama mzee anavyopenda kuusema mji wake. Tofauti ni kwamba mji wa mzee ulikuwa umekufa kweli.

Nikavua koti. Nikamwambia Jumatatu nakwenda kukata tiketi, moja. Nilisema bila kupaza sauti, nikasubiri. Nilimpa muda wa kutosha. Angeweza kuniuliza chochote: naondoka lini, watoto niwaambie nini, nitarudi au sirudi. Alijikuna shingo, akatazama upande wa wenzake, akanirudia.

"Sasa lile kontena la Nansha utamwachia nani?"

"Wewe," nikamwambia. "Nakuachia wewe vyote."